Maiti Anapumua, Nasi Tunacheka Pasipostahili

Kati ya Hedaru na Same mjini barabara kuu imenyooka, Milima ya Upare iko mkono wa kulia, na abiria wengi wa basi la Arusha wameshachoka kutazama nje. Wanatazama skrini iliyo juu ya dereva. Pale kuna Bongo Muvi, na Bongo Muvi bila msiba ni nadra. Mtu anakufa, ndugu wanalia, muziki unapanda, kamera inasogea usoni kwa marehemu na kukaa hapo. Ndipo sauti inatoka siti za nyuma: "Mbona anapumua huyo!" Basi zima linacheka.

Kicheko hicho kipo pia kwenye vibanda umiza na sebuleni kwetu. Kimeshakuwa aina ya uhakiki: filamu zetu mbovu, hata kufa hawajui. Leo nataka kumtetea yule maiti. Nina hoja mbili. Ya kwanza, kupumua kwake si kosa lake. Kuna watu wengine kwenye seti waliotakiwa kumwua na hawakufanya kazi yao. Ya pili, kosa kubwa la kisayansi lilishatokea dakika moja kabla, wakati anakata roho, na hilo hakuna abiria anayelicheka. Hilo ndilo linaloweza kutugharimu uhai wa mtu.

Kwa nini jicho linamkamata haraka

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kila pumzi ni takriban nusu lita ya hewa, yaani ujazo wa chupa ndogo ya maji. Hewa hiyo lazima ipate pa kukaa: kiwambo kinashuka, tumbo linainuka, mbavu zinatanuka kidogo. Kamera ikikaa juu ya maiti kwa sekunde kumi, mwili wa mwigizaji utataka kupumua mara mbili au tatu mbele ya macho yetu.

Na macho yetu si ya mchezo. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alichapisha majaribio ambayo bado yanafundishwa vyuoni. Aliweka alama chache zinazong'aa kwenye viungo vya mtu (bega, kiwiko, goti, kifundo cha mguu) akamrekodi kiasi kwamba watazamaji waliona nukta za mwanga tu. Nukta zilipotulia, hazikuwa na maana yoyote. Zilipoanza kwenda, watazamaji walitambua papo hapo kwamba huyo ni binadamu anatembea. Watafiti wengine mwaka 2008 wakaonyesha kwamba hata watoto wachanga wa siku mbili hupendelea kutazama nukta zinazosogea kama kiumbe hai kuliko zinazosogea ovyo.

Kwa hiyo yule abiria wa siti za nyuma hana chuki na sinema za nyumbani. Ubongo wake ni chombo cha kutafuta uhai, na umekifanyia kazi kifua cha mwigizaji bila hata kuombwa.

Mara nyingine seti yenyewe inamsaidia. Kamera iliyofungwa kwenye stendi inatulia kabisa, hivyo kitu pekee kinachosogea kwenye picha ni tumbo la marehemu. Taa ya pembeni inatupa kivuli chini ya mbavu, na kivuli hicho kinapanda na kushuka. Halafu marehemu anafunikwa kanga! Ile mistari ya pindo na yale maandishi yanageuka rula: msomaji anasoma jina la kanga huku likiinuka na kushuka. Kamera iliyoshikwa mkononi, inayotikisika kidogo, ingeficha mengi. Blanketi zito la kule juu Mbaga au Chome, kwenye baridi, lingeficha zaidi.

Mwili unakataa amri

"Si abane pumzi tu?" Hebu tuone.

Wengi tunadhani kinachotulazimisha kuvuta hewa ni kuishiwa oksijeni. Kwa mtu mwenye afya aliyebana pumzi, kinachomsukuma zaidi ni kabonidayoksaidi inayojikusanya kwenye damu. Vihisio vilivyo kwenye ubongo na kwenye mishipa mikubwa ya shingo vinaipima, na ikifika kiwango fulani misuli ya kupumua inaanza kusukuma yenyewe. Mtu asiye na mazoezi, akiwa ametulia, anaweza kubana nusu dakika hadi dakika moja bila taabu kubwa. Inatosha kwa kipande kimoja cha picha.

Ila mwigizaji wetu hajatulia. Ametoka kupigana, amekimbizwa kichakani, amepiga kelele. Misuli yake imezalisha kabonidayoksaidi nyingi, moyo unakwenda mbio, mapafu yanadai. Kumwambia sasa lala ufe ni kumwomba abane pumzi katika dakika ambayo mwili wake hauwezi kabisa. Dawa yake haina gharama: filamu hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Piga picha za maiti asubuhi, mwigizaji akiwa amepumzika, ugomvi ufuate mchana. Kizazi cha Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, kilifanya kazi enzi za diski, filamu nyingi zikipigwa kwa siku chache na kwa pesa ndogo. Katika haraka ile ni rahisi kufuata hadithi kama ilivyoandikwa, na maiti ndiye anayelipa.

Hata akiweza pumzi, kuna mengine. Macho yakiachwa wazi, machozi yanayolainisha jicho yanakauka na kope zinataka kufumba. Kwa kawaida tunapepesa zaidi ya mara kumi kwa dakika. Mate yanajikusanya na koromeo linapanda kumeza. Mshipa wa shingo unadunda, na huo hauna swichi. Mboni ya jicho nayo haipokei amri: kwenye taa kali inasinyaa mtu akiwa hai, wakati ya aliyekufa haijibu mwanga tena na kwa kawaida huwa imepanuka. Hapa waigizaji wetu wana bahati kidogo. Jicho la kahawia iliyokolea halionyeshi wazi mboni inaishia wapi, kwa hiyo kosa hili linalowasumbua waigizaji wa macho ya bluu, kwetu halionekani kirahisi.

Kigumu kuliko vyote ni kulegea. Aliyetoka kufa hana nguvu yoyote kwenye misuli: taya linaanguka, kichwa kinafuata uzito wake. Mtu aliye hai anajilinda bila kujua. Madaktari wanalijua hili. Wakimshuku mgonjwa kwamba hajazimia kweli, wengine huinua mkono wake juu ya uso na kuuachia. Wa anayejifanya mara nyingi hukwepa uso. Sasa tazama watu wanne wanapombeba marehemu wa kwenye filamu. Shingo yake imekaza, kichwa kimenyooka kama cha mtu aliyelala kwenye kiti cha saluni. Pumzi ameibana vizuri, shingo imemuumbua.

Maiti hutengenezwa na walio hai

Basi tukubaliane kwamba mwigizaji pekee hawezi. Anaweza kukupa sekunde chache nzuri. Zilizobaki ni za mwongozaji, mpiga picha, mhariri, na hasa za wale wanaomzunguka.

Jukwaani watu walilijua hili zamani. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mara mbili, ya pili ikitoka mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari, mtawala anauawa katikati ya mchezo. Kisha mwili wake unabaki mbele ya hadhira wakati Antonio anahutubia umma. Hotuba ni ndefu. Mwigizaji wa Kaizari hawezi kubana pumzi muda wote huo, na hahitaji. Amefunikwa, hadhira iko mbali, na zaidi ya yote kila jicho liko kwa Antonio na kwa wananchi wanaopandwa na hasira. Kaizari anakufa kwa sababu wengine wanafanya kana kwamba amekufa.

Sinema ilileta picha ya karibu, na hapo matatizo yakaanza. Alfred Hitchcock alipotengeneza Psycho, iliyotoka mwaka 1960, alimlaza Janet Leigh sakafuni, jicho wazi, kamera ikiwa sentimita chache tu. Inasimuliwa sana kwamba mkewe Alma Reville, aliyekuwa mhariri mzoefu, ndiye aliyeona dalili ndogo ya uhai ambayo wengine wote waliipita, na picha ikabidi irekebishwe kwa kukatia bomba la maji katikati. Angalia suluhisho lenyewe. Hawakumlaumu mwigizaji. Walitazama pengine kwa muda.

Mfano wa karibu zaidi ni The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Kenya. Mume anapelekwa mochwari kuutambua mwili wa mkewe, akiwa na mwenzake wa ubalozini. Tunaloondoka nalo pale ni yule mwenzake, anayeshindwa kuvumilia na kutapika. Tumbo lake ndilo linalotuhakikishia kwamba yule mama amekufa.

Sasa rudi kwenye Bongo Muvi. Wahakiki wengi huzisema filamu zetu kwa vilio virefu: mama anajitupa juu ya mwanawe, anamtikisa, anamwita jina, shangazi anamvuta. Mimi nasema hicho ndicho kitu bora kabisa tunachofanya. Mama akimkumbatia marehemu, mwili wake unafunika kifua. Akimtikisa, kila msogeo mdogo wa pumzi unapotea ndani ya msogeo mkubwa. Na sisi watazamaji tunamtazama yeye. Kilio ni ufundi, hata kama aliyekipanga hakujua anatatua tatizo la fiziolojia.

Kosa linakuja baadaye. Mwongozaji haamini kilio chake mwenyewe. Baada ya mama kuondolewa, anarudisha kamera usoni kwa marehemu peke yake, kimya, kinanda kinapigwa, sekunde nane, kumi, kumi na mbili. Hakuna kinachosogea isipokuwa kile kisichotakiwa kusogea. Kipande hicho kingeondolewa, abiria wasingepata la kucheka.

Poda nyeupe

Jambo moja dogo la mapambo. Marehemu wetu wengi hupakwa poda nyeupe usoni, labda kwa sababu maiti wa filamu za Ulaya na Marekani ni weupe. Damu ikiacha kuzunguka na kushuka kwa uzito wake, ngozi ya mtu mweusi haigeuki nyeupe. Hupauka, hupoteza mng'ao, na mabadiliko huonekana zaidi midomoni, kwenye ufizi, viganjani na chini ya kucha. Muuguzi wa zahanati yoyote ya Upare anajua hili: mtoto akishukiwa kupungukiwa damu, anatazamwa viganja na ndani ya kope. Mpambaji angeacha uso, akafifisha midomo na viganja, akaondoa mng'ao wa jasho kwenye paji, angepata maiti wa kuaminika kwa poda kidogo sana.

Hadhira inayojua msiba

Kuna sababu nyingine ya mambo haya kuwa na uzito huku kwetu. Mtazamaji wa Same si mtu ambaye maiti pekee aliyewahi kumwona ni wa kwenye skrini. Ameshapita mbele ya jeneza kutoa heshima za mwisho. Pengine amesaidia kufumba macho ya babu na kumfunga taya kwa kitambaa, mapema kabla mwili haujakakamaa. Desturi hiyo ina sayansi ndani yake. Kukakamaa kwa kawaida huanza kuonekana kwenye misuli midogo, yaani kope, taya na shingo, ndani ya saa chache. Nyuzi za misuli huhitaji nishati ya kemikali iitwayo ATP ili ziachiane. ATP ikiisha, zinabaki zimeshikana. Mwili hulegea tena baada ya siku moja au mbili hivi, protini zinapoanza kuvunjika.

Joto linavuruga hesabu hizi kwa namna ya kuvutia. Tambarare ya Same ni ya joto, na kule juu kuelekea kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400, asubuhi ni baridi kweli. Mwili ulioko bondeni mchana utapoa polepole zaidi kuliko ulioko mlimani, lakini utakakamaa haraka zaidi, kwa sababu joto huharakisha kemikali za misuli. Kwa hiyo filamu inayoonyesha mtu aliyeuawa usiku, akakutwa asubuhi na kunyanyuliwa akiwa laini kama nguo mbichi, imewaambia watazamaji waliowahi kuosha maiti jambo wanalojua si kweli.

Lugha nayo ina neno lake. Tunasema marehemu amelala. Upare ndiko Waadventista Wasabato walikofungua kituo chao cha kwanza nchini, pale Giti mwaka 1903, na kwao kifo ni usingizi hadi ufufuo. Ni imani yenye faraja, na siigusi. Nasema tu kwamba mwigizaji akiambiwa "lala", atalala, na mtu aliyelala ana uso wenye uhai: taya limejishika, kope zinacheza, pumzi inaonekana kuliko hata ya aliye macho. Waongozaji, msimwambie alale. Mwambieni aangushe.

Kosa tusilolicheka

Sasa hoja ya pili. Rudisha filamu dakika moja nyuma. Mtu amepigwa risasi, au moyo umemsimama baada ya kupokea simu ya habari mbaya. Ameshikwa kichwa mapajani. Anazungumza sentensi nzima, tena kwa mpangilio: anasamehe, anawausia watoto, anataja shamba. "Muuaji wangu ni... ni..." Kichwa kinaanguka upande, macho yanajifumba yenyewe, kimya. Amekwisha. Hakuna anayepumua tena hata mara moja, na safari hii mwigizaji amebana vizuri. Basi zima liko kimya kwa huzuni.

Hapo ndipo tulipodanganywa. Moyo ukisimama ghafla, mtu huzimia ndani ya sekunde chache, hana muda wa kuusia. Na mara nyingi hanyamazi. Sehemu ya chini ya ubongo inaweza kuendelea kwa dakika kadhaa kutuma amri za kuvuta hewa, na mtu akatoa pumzi za ghafla, za nadra, zenye mkoromo, mdomo ukifunguka kama wa samaki aliyetolewa majini. Pengine viungo vinatikisika kama kifafa. Kwa macho ya mtu asiyefundishwa anaonekana anapumua. Kwa kweli moyo haupigi damu, na kila dakika inayopita bila msaada inapunguza nafasi yake ya kupona.

Sasa fikiria mtu anaanguka stendi ya Same, au kwenye mnada. Waliomzunguka wamefundishwa na mamia ya filamu kwamba anayekufa huenda kimya, kichwa upande. Huyu anakoroma, anavuta hewa. "Mwacheni apumzike, bado anapumua." Wanampepea kwa kanga, wanasubiri gari. Wamemtazama mtu akifa, na hawakumtambua kwa sababu hakufa kama wa kwenye skrini.

Wanachofundisha wakufunzi wa huduma ya kwanza kinabebeka kichwani: mtu asiyeitika, na hapumui au anapumua kwa mkoromo usio wa kawaida, mchukulie kwamba moyo umesimama. Ita msaada. Weka mikono katikati ya kifua chake, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua cha mtu mzima kikibonyea sentimita 5 hadi 6, na usiache mpaka msaada ufike au aanze kuitika.

Siwadai waongozaji wetu wageuze kila filamu kuwa semina. Sinema ina haki ya kauli ya mwisho. Hata sisi tungependa kuipata. Ila mwongozaji mmoja akithubutu kumwonyesha baba anayeanguka ghafla katikati ya neno, akakoroma, na watoto wake wakabishana kama yuko hai au la, atakuwa na tukio linalotisha kuliko muuaji asiyetajwa jina. Mwigizaji naye atapumzika: atakuwa anapumua, na kupumua kwake ndiko kutakuwa kifo chenyewe.

Jaribu mwenyewe

Mlaze rafiki chini, mfunike kanga ya mistari, mrekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye kitu imara kwa sekunde 20. Kisha mrekodi tena simu ikiwa mkononi, na mara ya tatu mtu wa tatu akimlilia na kumtikisa. Waonyeshe wenzako waseme ni video ipi wameona pumzi. Onyo: asihemeshe pumzi nyingi za haraka kabla ya kubana. Hilo hupunguza kabonidayoksaidi, kengele ya mwili inachelewa kulia, na mtu anaweza kuzimia bila dalili. Ndani ya maji ameshakufa.

Ukiwa safarini na mtu akapiga kelele "mbona anapumua huyo", cheka ukitaka. Kisha mwulize jirani yako wa siti: je, mtu akianguka hapa kwenye basi sasa hivi, tutajuaje?